Sikio Lililokuwa Langu

Chumba tulichoanzia maisha kilikuwa nusu ya chumba. Nusu nyingine alilala mama mkwe, mwenye nyumba, na katikati lilining'inia pazia la maua. Pazia lile nililishona mimi, kwa hiyo nilijua kuliko mtu yeyote kwamba halizuii chochote. Mama mkwe alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila usingizi wake ulikuwa mwepesi na kikohozi chake kilikuwa na maana. Ukiongea kwa sauti, anakohoa. Ukicheka, anakohoa mara mbili.

Basi tukajifunza kunong'ona. Sisemi kuongea chini chini, nasema kunong'ona kwenyewe, mdomo umegusa sikio na pumzi inabeba maneno. Mume wangu hulala chali, amenyooka kama rula. Mimi nililala upande wa ukutani, kushoto kwake, maana yeye ndiye aliyeamka mapema kwenda kazini na hakutaka kunikanyaga. Sikio lake la kushoto likawa langu. Mimba ya kwanza niliitangazia humo. Hofu yangu ya kumwogopa mama yake niliitapikia humo. Akichekeshwa, nilimziba mdomo kwa kiganja kabla kikohozi hakijafika, naye alicheka ndani ya mkono wangu mpaka ukaloa.

Wakati huo tulikuwa tunatamani nyumba yetu kama mwenye kiu anavyotamani maji. Tuliipata. Vyumba viwili vya kupanga, mlango wetu wenyewe, cherehani yangu dirishani ambako naona uzi bila kuwasha taa. Watoto wamekulia hapo na wameondoka kwenda kwenye maisha yao. Hakuna tena wa kukohoa, tena tuna nafasi ya kusema lolote. Ila kunong'ona na mume wangu siwezi tena, na sijui ni mwaka gani hasa jambo hilo lilitutoka.

Kazi yake ni msimamizi katika uwanja wa shabaha, nje kidogo ya mji. Wanakuja walinzi wa makampuni kufanya mtihani wao, wanakuja wanamichezo wa Jumamosi na bunduki zao kwenye mabegi ya gharama. Yeye hutembea nyuma ya mstari wa wapigaji, mkono wa kulia ameshika bendera nyekundu, na akiona hatari yoyote huipandisha na kupaza sauti: "Acha!" Mstari mzima unanyamaza. Ndiyo maana kule wanamwita Mzee Acha. Mimi humtania kwamba watu ishirini wenye silaha wanamtii kwa neno moja, na mimi nimemwambia aache kuvua viatu katikati ya mlango tangu tuhamie na bado najikwaa.

Alipoanza kazi, miaka ishirini na miwili iliyopita, walitia pamba masikioni, pamba ile ile ninayojazia mito. Wengine walichomeka maganda ya risasi, eti yanatosha sawasawa. Baadaye zikaja zile za kufunika masikio yote mawili, zenye upinde juu ya kichwa. Wenyewe wanaziita hedifoni, ingawa ukizivaa husikii muziki wala taarifa ya habari. Mume wangu alipewa za kwake, akazitunza kama mboni ya jicho, na sote tukaamini masikio yake yako salama.

Mwanzoni nilidhani ananipuuza. Namwita, hageuki. Nikaongeza sauti, akageuka. Nikazoea sauti ile ya juu, nikaongeza tena. Kuta za nyumba yetu ni nyembamba, na jirani wa mlango wa pili, mjane mwenye redio na muda mwingi, akawa anapata habari zetu kabla ya mume wangu kuzisikia. Siku moja nilimuuliza mume wangu kama lile jipu la pajani limepasuka. Nilimuuliza mara tatu. Asubuhi nikiwa naanika nguo jirani akaniambia, "Shoga, mwambie shemeji akande na maji ya chumvi. Jipu la hapo si la kuchezea."

Nilicheka naye, halafu nikaingia ndani nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Tangu siku hiyo nikaanza kupunguza maneno. Yakabaki yale yanayoweza kupigiwa kelele: chakula kipo mezani, fundi bomba amekuja, funga mlango. Mengine yakakaa tumboni. Huwezi kumpigia mtu kelele kwamba umemkumbuka, na yeye amekaa mbele yako anakunywa chai. Nilikuwa namtazama akitafuna mkate, mzima, mpole, na natamani kumrudia kama mtu aliyesafiri. Nilimkumbuka kila siku na kila siku alikuwepo.

Mwaka huu likabandikwa tangazo kule kazini. Meneja mpya amesema kila mfanyakazi akapimwe masikio, aende na vifaa anavyotumia, kisha arudi achague vikinga vipya vya kuvaa kila siku. Mume wangu akasema yeye hahitaji vipya. Nikamwambia nitakusindikiza, maana ukiitwa jina pale hospitali utabaki kwenye benchi mpaka wafunge.

Mpima masikio alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, mwenye mikono mitulivu. Alimfungia mume wangu kwenye kijumba chenye kioo, akampa kitufe, akamweleza: kila akisikia mlio, abonyeze. Mimi nilikaa nje nikikitazama kidole gumba chake. Binti anazungusha swichi, kidole kimetulia. Anazungusha tena, kidole kimetulia. Mume wangu alikuwa ametabasamu kwa adabu muda wote huo, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Sijawahi kumwonea huruma mtu kama nilivyokionea kidole kile.

Alipotoka, binti akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na mistari miwili. Wa sikio la kulia ulishuka taratibu. Wa kushoto ulikatika na kuanguka.

"Mzee, sitakudanganya," akasema, anamwangalia usoni na kutamka kila neno. "Yaliyopotea hayarudi. La kushoto limebakiwa na kidogo sana. La kulia bado lina kazi, na tukilitunza utakaa nalo."

"Na lisipotunzwa?" nikauliza mimi.

"Litamfuata mwenzake, mama. Ni miaka michache tu imebaki."

Akaomba kuona hedifoni. Mume wangu akazitoa kwenye mfuko wa kitambaa. Hapa lazima nieleze. Zile pete laini zinazokaa kuzunguka sikio, za asili, zilikuwa za plastiki, na zilipasuka zamani. Zilikuwa pia zinamtoa jasho, akirudi nyumbani ngozi imechubuka. Fundi ni mimi, nitamwacha mume wangu achubuke? Nikazichana, nikamshonea nyingine kwa kitambaa cha pamba cha bluu kilichobaki kwenye sare za shule, nikajaza sponji ya mito ya kochi, nikazungushia ukingo mweupe. Kila zikichakaa, nikazishona upya. Miaka mingi.

Binti akazigeuza mkononi. "Nani ameshona hizi?"

"Mimi," nikasema, na kusema kweli nilisema kwa majivuno.

"Mkono wako mzuri, mama." Akachomoa pete moja, akaisogeza mdomoni, akapuliza. Kiganja chake kingine alikiweka upande wa pili, akanishika mkono wangu na kuuweka hapo pia. Nikahisi pumzi yake yote. "Inapita," akasema taratibu. "Panapopita pumzi, mlio unapita."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningeweza kujitetea.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nimeshika mfuko wenye zile hedifoni na nilitaka kuutupa mtaroni. Mume wangu akanitazama, akajua, kwa sababu kusikia kumemtoka lakini macho anayo. Akasema katikati ya barabara, kwa sauti yake ya uwanjani, "Zilikuwa laini. Wenzangu wote walinionea wivu." Watu wawili wakageuka kututazama. Nilitamani kumjibu, na jibu lenyewe halikuwa la barabarani.

Kuna jambo moja lilibaki linanikereketa. Kitambaa changu kilikuwa kwenye masikio yote mawili. Kwa nini basi la kushoto ndilo limekufa? Binti alimuuliza mume wangu, naye akajibu kwamba labda alizaliwa nalo bovu. Uongo. Sikio lile nalijua mimi. Lilikuwa linasikia nikipepesa kope.

Binti alikuwa ameniandikia karatasi ya maelekezo ya kuvaa, akanisihi niende mwenyewe kuhakikisha, maana mzee anaitikia kila kitu na anasikia nusu. Kwa hiyo juma lililofuata nikaenda uwanja wa shabaha, mara yangu ya kwanza tangu aajiriwe. Niliona paa refu la mabati, sakafu ya saruji, vibanda vya kusimamia, na mbele tuta la mchanga lenye karatasi za shabaha. Harufu ni ya kiberiti kilichozimwa. Meneja akanivalisha hedifoni za wageni, akanikalisha nyuma ya kioo. Mlio wa kwanza niliusikia kifuani.

Nikamwona anatembea. Nyumbani anaburuta miguu, kule alikuwa anatembea kama kijana. Mpigaji mmoja akageuza kichwa na kumuuliza kitu. Mkono wa kulia una bendera. Basi mkono wa kushoto ukapanda, kidole gumba kikafunua hedifoni ya kushoto, akainama kusikiliza. Wakati huo huo mtu wa kibanda cha jirani akapiga. Mume wangu hakupepesa hata jicho. Akajibu, akafunika, akaendelea. Hatua nne mbele, mlinzi mmoja mwanamke akauliza. Akafunua. Akauliza tena. Akafunua. Nikaanza kuhesabu, nikaacha.

Nitasema lilivyo, hata kama ni aibu. Nilishikwa na wivu. Hata ningemkuta na mwanamke nisingeshikwa hivyo. Sikio lile lilikuwa langu. Nililipata kwa tabu, nyuma ya pazia, neno kwa neno, na yeye miaka yote hii amelifunua kwa kila mpita njia asiyejua risasi inaingilia wapi.

Wakati wa mapumziko nikamfuata. "Kwa nini unafunua?"

"Wananiuliza," akasema. "Mtu ameshika bunduki, ana hofu, anauliza. Nisipomsikiliza huyo, nimsikilize nani?"

Nilikuwa na jibu. Wenzake walikuwa wamekaa pale wanakunywa soda, na jibu langu halikuwa la kupigiwa kelele.

Meneja akatandaza vikinga mezani. Vya kwanza vilikuwa vizibo vidogo vya sponji, vya kuingiza ndani. Mume wangu akavichomeka nusu nusu, vikabaki vimechungulia nje. Nikasoma karatasi ya binti, nikavisokota kati ya vidole mpaka vikawa vyembamba, kama unavyosokota ncha ya uzi ipite kwenye tundu la sindano. Nikapitisha mkono nyuma ya kichwa chake, nikavuta sikio juu na nyuma, nikasukuma kizibo ndani, nikakishikilia kitanuke. Wenzake wakafurahi sana. "Mzee Acha leo anavutwa sikio!" Hakuwasikia, na ndilo lilikuwa tatizo. Nilijua mpaka saa sita mchana angekuwa ameshavichomoa aweze kuwasikia wapigaji wake.

Vya pili vilikuwa hedifoni mpya, nzito, na boksi lake lina namba kubwa. "Chukua hizi," meneja akasema. "Hizi ndizo zinazozuia zaidi." Mume wangu akazivaa. Mmoja wa wale vijana akamsemesha. Mkono wa kushoto ukapanda, gumba likafunua.

"Hizi hapana," nikasema.

"Mama, namba yake ni kubwa kuliko zote."

"Namba itamsaidia nini, baba, na sikio liko nje?"

Za tatu meneja alikuwa amezificha kwenye kabati la kioo. Hizo zina vipaza sauti vidogo nje na betri ndani. Maneno ya watu zinayapitisha, mlio wa risasi zinaukaba. Meneja akasema hizo ni za wanamichezo, za kukodisha. Nikamwambia, "Tangazo lako limesema kila mfanyakazi achague. Huyu amechagua."

"Sijachagua," mume wangu akasema.

"Umechagua."

"Na betri ikiisha?"

"Zitazuia tu kama hizo nyingine. Utakuwa husikii kitu, na hilo umeshalizoea."

Akacheka. Alipozivaa nikamzunguka kama ninavyomzunguka mteja anayejaribu koti. Mikono ya miwani yake ilikuwa minene, ikainua pete, ncha ya kidole changu ikapita. Nikamwambia miwani hii ibaki nyumbani, kuanzia kesho avae ile ya zamani ya waya mwembamba, leo mchana atavumilia bila miwani ya aina yoyote. Pete zenyewe zilikuwa za plastiki laini. Nikazibonyeza kwa gumba, sikuzigusa zaidi. Tukakubaliana na meneja kwamba siku za bunduki kubwa mume wangu atatia na vizibo ndani, kisha hizi juu, na wapigaji watamzoea.

Mstari ukaanza tena. Yule mlinzi mwanamke akamuuliza kitu, na niliona kwa midomo yake kwamba ameuliza kwa sauti ndogo. Mkono wa kushoto ukapanda kwa mazoea. Ukafika usawa wa shingo. Ukasimama hapo, halafu ukashuka wenyewe, na mume wangu akamjibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia chumba chenye dirisha. Nilifurahi mpaka nikafumba macho, na katikati ya furaha hiyo nikaumia, kwa sababu wageni walikuwa wananong'ona na yeye anasikia.

Jioni nikamuuliza meneja kama vifaa hivyo vinaruhusiwa kurudi nyumbani. Akasema vifaa havitoki uwanjani, akavifungia kabatini. Sikubishana. Ningemweleza vipi matumizi yenyewe?

Nilikaa na ile karatasi ya mistari miwili siku nne. Nilikuwa nimeiweka chini ya mkasi, nikishona naiona. La kulia bado lina kazi. Nimepima mabega ya watu maisha yangu yote, kulia na kushoto, na sikuwahi kufikiri kwamba mume wangu ana pande mbili. Jumapili mchana, baada ya kula, alipoingia kupumzika, akakuta nimebadilisha mito. Wa kwake uko ukutani.

"Hapo ni kwako," akasema.

Nikamwonyesha kwa mkono alale. Akalala, chali, amenyooka. Sikio la kushoto likaelekea ukutani, kwa jirani na redio yake. Mimi nikajilaza kulia kwake, na kila kitu kikawa kigeni: bega si lile, harufu ya shingo ndiyo ile ila upande mwingine, mkono wangu haujui pa kukaa. Nilikuwa nimeandaa mengi. Miaka ya maneno, yamepangwa kama nguo kabatini. Mengine yalikuwa habari za watoto, mengine makosa yangu, na lilikuwepo lile la sponji na kitambaa cha bluu. Nikasogeza mdomo mpaka ukagusa sikio.

"Nimekukumbuka," nikanong'ona.

Feni ilikuwa inazunguka. Nikasema moyoni, basi, nimechelewa na huku nako. Kisha akalisogeza sikio karibu zaidi na mdomo wangu.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Na mimi nimekukumbuka," akajibu. Yeye alidhani ananong'ona. Alisema kwa sauti ile ile inayosimamisha mstari mzima wa bunduki, na upande wa pili wa ukuta redio ya jirani ikazimwa kabisa. Nikamziba mdomo kwa kiganja kama zamani. Akaanza kucheka mkononi mwangu, na mkono ukaloa, na mimi nikabana pumzi nikisubiri mama mkwe akohoe.